Barua kwa Mhariri: Marehemu Amadou Bagayoko alikuwa mpiga gitaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nimkumbuke marehemu Amadou Bagayoko, mpiga gitaa wa Mali aliyefariki dunia mjini Bamako tarehe 4 Aprili 2025 akiwa na umri wa miaka 70, na papo hapo niseme neno juu ya namna gazeti hili lilivyotupasha habari ya msiba huo. Habari yenyewe ilikuwa ya aya nne tu, na sina ugomvi na ufupi wake, kwa kuwa najua ukurasa wa kimataifa unagombaniwa na vita na chaguzi. Kilichonikaa rohoni ni kichwa cha habari: "Mwanamuziki kipofu wa Mali afariki". Jina lake halikuwamo, wala gitaa halikuwamo. Macho ndiyo yaliyotangulizwa, na katika aya zilizofuata tukaambiwa kwamba alipata sifa duniani "licha ya ulemavu wake", kana kwamba nyuzi za gitaa hupigwa kwa mboni za macho.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kwa miaka ishirini na mitatu nilifundisha wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu katika shule ya msingi ya mchanganyiko hapa mkoani Morogoro, na muziki wa Amadou na mkewe, Mariam Doumbia, ulinikuta hukohuko shuleni, kwenye sidii moja iliyoachwa na mgeni aliyetutembelea. Tuliipiga mpaka ikaanza kurukaruka. Lugha yao, Kibambara, hakuna aliyeielewa kati yetu, lakini wanafunzi wangu walijua kuitambua sauti ya yule mwanamume na ya yule mwanamke kabla hata mimi sijajua nani anaanza.

Nianze na macho, kwa kuwa ndiyo mliyoyatanguliza, kisha niyaache. Amadou alizaliwa Bamako tarehe 24 Oktoba 1954 akiwa na mtoto wa jicho. Wengi wetu maradhi haya tunayajua kwa wazee: lenzi iliyo nyuma ya mboni, ambayo inapaswa kuwa angavu kama kioo, inaingia ukungu, na mzee anaanza kuwatambua wajukuu wake kwa sauti. Lakini wako watoto wanaozaliwa nayo, wengine kwa kurithi, wengine kwa sababu mama aliugua rubela akiwa mjamzito, na wengine bila sababu yoyote ambayo daktari anaweza kuitaja. Huyu wa Bamako aliona kidogo utotoni, uoni wake ukazidi kufifia, na alipofikia miaka kumi na mitano, kumi na sita hivi, ukatoweka kabisa. Kwa hiyo giza lilipokamilika lilimkuta amekwisha kushika gitaa.

Natilia mkazo jambo hilo kwa sababu watu hudhani kwamba kati ya kuona na kutoona hakuna kitu. Darasani kwangu waliokuwa katikati walikuwa wengi kuliko wale wasioona kabisa. Tulikuwa tukiwapokea watoto walioandikishwa kwamba hawaoni, tunawafundisha nukta nundu kwa ncha za vidole, na baada ya wiki mbili unamfuma mtoto ameinamisha shingo pembeni, karatasi ameielekeza dirishani, anasoma zile nundu kwa macho kwa kufuata vivuli vyake. Mwanzoni nilikuwa nikiwafunika karatasi kwa kitambaa ili vidole vizoee. Baadaye nilitambua kwamba mimi ndiye niliyehitaji kufundishwa, maana mtoto wa namna ile alihitaji maandishi makubwa, mwanga mzuri na safari ya hospitali, na baadhi yao walikuwa na mtoto wa jicho ambaye hakuna daktari aliyewahi kumtazama. Kila nilipousikiliza ule muziki wa Mali nilifikiri juu ya kijana huyo wa Bamako katika miaka yake ya mwisho ya kuona kidogo, na nikajiuliza kama naye kuna mwalimu aliyemfunika karatasi.

Sasa niende kwenye kazi yake. Mwaka 1974, akiwa hajatimiza miaka ishirini, alianza kupiga gitaa katika bendi ya Les Ambassadeurs, iliyokuwa ikitumbuiza kwenye hoteli ya Motel de Bamako. Msomaji asidhani ilikuwa bendi ya kuonewa huruma. Ilikuwa moja kati ya bendi mbili zilizogombania jiji zima, mpinzani wake akiwa Rail Band ya hoteli ya kituo cha reli, na mashabiki wake walikuwa maofisa, wafanyabiashara na wageni waliotaka usiku mmoja uwe na muziki wa Kuba, nyimbo za Kifaransa, rumba na nyimbo za Kimandinka za nyumbani. Mpiga gitaa asiyejua yote hayo hakai kwenye jukwaa la namna hiyo hata wiki moja. Amadou alikaa miaka kadhaa.

Katika bendi hiyohiyo mwimbaji alikuwa Salif Keita, aliyehamia pale kutoka Rail Band mwaka 1973, mtu mwenye ualbino, na wenye ualbino, kama tunavyojua sisi tuliowafundisha, karibu wote wana uoni hafifu na mwanga mkali huwaumiza. Nafikiri juu ya jukwaa hilo mara nyingi. Mwimbaji mwenye ualbino amesimama mbele, mpiga gitaa asiyeona yuko kando yake, na mbele yao wakubwa wa nchi wanacheza. Hii ni miaka ya sabini. Miaka thelathini na kitu baadaye, katika nchi yetu, hasa Kanda ya Ziwa, wazazi walikuwa wakiwaficha watoto wenye ualbino ndani ya nyumba au kuwapeleka kwenye shule za bweni ili wasiuawe. Sisemi kwamba Mali ilikuwa pepo, kwa maana Salif Keita mwenyewe ametoboa mara nyingi jinsi alivyokataliwa utotoni. Nasema tu kwamba katika bendi ile watu waliulizwa kwanza wanaweza kupiga nini.

Mwaka 1975, au karibu na hapo, Amadou alijiunga na Taasisi ya Vijana Wasioona ya Bamako. Hapo ndipo nilipo na upendeleo wangu, Mhariri, nami naukiri. Habari zinazoandikwa juu yake huipitia taasisi hiyo kwa haraka, kama kituo cha basi ambapo alimpata mke. Mimi naiona ndiyo kiini cha habari yote. Ilikuwa shule. Vijana walijifunza nukta nundu, walijifunza kazi za mikono, na walikuwa na okestra yao wenyewe iliyoongozwa na mwanamuziki Idrissa Soumaoro, ambaye yeye anaona. Okestra hiyo iliitwa Eclipse, yaani kupatwa kwa jua, jina ambalo naamini wanafunzi walilicheka kabla ya mtu mwingine kulicheka, kwa jinsi ninavyowajua wanafunzi wasioona. Waliporekodi muziki wao katika miaka hiyo ya sabini hawakuwa watoto wa kuimbia wafadhili. Walikuwa bendi yenye kinanda, magitaa na mwalimu mkali.

Humo alikuwamo binti anayeitwa Mariam Doumbia, aliyepoteza uoni akiwa na miaka mitano kwa sababu ya surua. Alikuwa mwimbaji. Walioana mwaka 1980 na wakapata watoto watatu, mmoja wao, Sam, akawa mwanamuziki wa kundi la kufokafoka la huko Bamako. Ndoa hii naiandika kwa sentensi mbili, lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo akisikiliza posa ya watu wawili wasioona anajua uzito wake. Nimewahi kuitwa kwenye kikao cha aina hiyo kama mwalimu wa zamani wa bwana harusi. Wazee walikuwa wapole kabisa, hakuna aliyetukana, ila swali lilikuwa moja tu na lilirudiwa kwa sauti tofauti: nani atawasha moto, nani atamwona mtoto akianguka? Binti alijibu kwamba amekuwa akiwasha moto nyumbani kwa baba yake tangu akiwa na miaka tisa na hakuna aliyeuliza. Posa ilikubaliwa jioni ile.

Katikati ya miaka ya 1980 Amadou na Mariam walihamia Abidjan, Côte d'Ivoire, kwa kuwa studio na wauzaji wa kaseti walikuwa huko. Walirekodi kwa mzalishaji kutoka Nigeria aitwaye Maikano, gitaa moja na sauti mbili basi, na kaseti zikatapakaa Afrika Magharibi. Na juu ya kaseti hizo, Mhariri, kuna maneno ninayotaka uyasome taratibu. Waliuzwa kwa jina la "wanandoa vipofu wa Mali". Ndilo tangazo lililowatambulisha, na sina shaka lilisaidia biashara, maana mnunuzi aliyesimama mbele ya kibanda cha kaseti hununua kile kilicho tofauti.

Kisha jina hilo likaanza kuachwa nyuma. Mwaka 1998, baada ya kuhamia Paris, walitoa albamu iliyowafungulia Ulaya ikiwa na majina yao mawili tu, Amadou na Mariam. Mwaka 2004 ilitoka albamu yao kuhusu Jumapili ya Bamako, iliyozalishwa na mwanamuziki wa Ufaransa Manu Chao, na jina hilo la albamu lina sababu yake, kwa kuwa Bamako harusi hufanyika Jumapili kama vile kwetu hufanyika Jumamosi, na mitaa yote hujaa ngoma. Albamu hiyo iliwapa tuzo kubwa ya muziki ya Ufaransa mwaka 2005. Mengine nayapitia kwa haraka kwa kuwa yameandikwa kwingi: wimbo wa Kombe la Dunia la Ujerumani mwaka 2006, tamasha la Tuzo ya Nobeli ya Amani mjini Oslo mwaka 2009, uteuzi wa kuwania Grammy, na Septemba 2024, jijini Paris, waliimba wakati mwenge wa Michezo ya Paralimpiki ukizimwa. Kwa muda wa karibu miaka thelathini hakuna aliyehitaji kusoma neno "kipofu" ili ajue nani anapiga. Alipofariki, gazeti letu likambandika tena lebo ya kaseti ya Abidjan, na safari hii bila hata jina.

Kulikuwa na jambo moja walilolifanya na giza lenyewe ambalo nalipenda kuliko tuzo zote. Huko Manchester, Uingereza, waliandaa onyesho ambalo ukumbi mzima ulizimwa taa, watazamaji wakakaa gizani kabisa wakisikiliza muziki na masimulizi ya maisha yao, na onyesho hilo wakaliita Eclipse, jina lile la okestra ya shuleni. Watu waliolipa tiketi walilazimika kupapasa viti. Nilipowasimulia wanafunzi wangu, darasa zima lilicheka kwa muda mrefu, na mmoja akauliza kama wale Wazungu walipewa fimbo nyeupe mlangoni.

Juu ya gitaa lake ningeweza kuandika barua nyingine. Sisi wa Morogoro tuna haki ya kuwa wachaguzi katika jambo hili, maana mji huu ndio uliowalea Salum Abdallah na Cuban Marimba yake na Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, na hakuna baba wa umri wangu hapa asiyejua kubishana juu ya mpiga solo. Amadou alitumia gitaa la umeme. Alikulia kwenye muziki wa Kuba kama walivyokulia wapigaji wetu, akasikiliza pia roki na blues za Wamarekani na Waingereza, lakini mkono wake ulibaki na ngazi ya noti tano za Kibambara, kwa hiyo unasikia kitu kinachokaribia blues ambacho hakikutoka Marekani. Alipenda kurudia kifungu kifupi mara nyingi, akikibadilisha noti moja tu kila mzunguko, mpaka msikilizaji anaanza kuisubiri ile noti. Hakujaza nafasi. Mkewe alipoimba, gitaa lilirudi nyuma, na alipomaliza ubeti, lilijibu. Hayo ndiyo mambo ambayo habari ya msiba ya mpiga gitaa ingepaswa kuyataja, hata kwa sentensi moja.

Wala tusijifanye kwamba watu wa namna hii ni wageni kwetu. Kwa miaka mingi taarifa ya habari ya Redio Tanzania ilitanguliwa na mlio wa ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona, aliyekuwa akizipiga ngoma nyingi kwa pamoja peke yake. Nchi nzima ilinyamaza kumsikiliza, wakulima, mawaziri na watoto waliosubiri kipindi chao, na ngoma zile hazikutangazwa kwanza kwamba anayezipiga haoni. Zililia, na baadaye msomaji akaanza kusoma.

Sina chuki na neno "kipofu". Limo katika vitabu vitakatifu, limo katika methali zetu, na baadhi ya wanafunzi wangu walilitumia wenyewe kwa kutaniana. Lakini wewe ni mhariri, na unajua kwamba lugha yetu imeliweka kwenye ngeli ya kiti na kikombe, pamoja na kiziwi na kiwete, halafu kwa haya kidogo tukaliazima upatanisho wa mtu ili tuseme "kipofu huyu" badala ya "kipofu hiki". Chama cha wenyewe hapa nchini kimejiita Chama cha Wasioona. Mtu asiyeona angalau ni mtu kwanza. Hata hivyo, lalamiko langu halingeisha kama mngeandika "mwanamuziki asiyeona afariki" bila jina, kwa kuwa kasoro ni ile nafasi ya kwanza, na nafasi ya kwanza katika kichwa cha habari cha fundi aliyekufa ni ya ufundi wake.

Kama gazeti linataka kuandika juu ya macho, nafasi ipo, na ningefurahi kusoma makala nzima. Katika nyumba ile moja ya Bamako walikuwamo watu wawili, mmoja amezaliwa na mtoto wa jicho, mwingine amepofushwa na surua. Chanjo ya surua na rubela kwa pamoja hutolewa hapa Tanzania tangu mwaka 2014, mtoto akifika miezi tisa na tena miezi kumi na minane, na imo kwenye kadi ya kliniki. Mtoto wa jicho kwa mtoto mchanga hufanyiwa upasuaji, lakini wakati ni jambo la kuzingatiwa sana, kwa kuwa ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miezi na miaka ya mwanzo, na ukikosa picha safi wakati huo, lenzi inaweza kuondolewa baadaye na jicho likabaki linaona kwa shida. Mzazi akiona weupe katikati ya mboni ya mtoto, kwenye mwanga au hata kwenye picha iliyopigwa kwa simu, aende hospitali wiki hiyohiyo, asitie majani wala maziwa wala chochote cha jirani. Nilikuwa na mwanafunzi aliyefanyiwa upasuaji akiwa na miaka kumi na mmoja. Alifurahi kuona rangi ya ukuta wa darasa. Kusoma ubao hakuweza kamwe.

Mwingine niliyemfundisha, ambaye haoni tangu kuzaliwa, sasa hupiga gitaa la besi katika bendi ya kanisa wilayani Kilosa. Nilimpigia simu siku nilipoisoma habari ya msiba. Alikuwa amekwisha kusikia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwalimu, sasa nani atampigia Mama Mariam?" Sikuwa na jibu. Akaniomba nimwandikie habari ya gazeti kwa nukta nundu, maana simu yake humsomea Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza hadi jina la Bamako halitambuliki, na zaidi ya hapo anataka kitu cha kuweka kwenye sanduku la gitaa.

Nilikaa mezani na mashine yangu ya zamani nikainakili habari yenu aya kwa aya, neno kwa neno, pamoja na lile "licha ya ulemavu wake", kwa kuwa si kazi yangu kusahihisha waandishi wenu. Kichwa cha habari peke yake ndicho nilichokibadilisha. Nimeandika: "Mpiga gitaa Amadou Bagayoko afariki Bamako". Naomba radhi, Mhariri, kwa kuingilia kazi yako.

Wako katika kusoma,
Mwalimu mstaafu,
Morogoro